Ibara ya 260 na Historia ya Katiba ya Uganda

Wengi wanaosoma Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 huanzia ibara ya 1, inayosema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi, na wengine huishia hapohapo. Mimi ningemshauri mwanafunzi wa historia aanzie karibu na mwisho, katika sura ya 18. Humo imo ibara ya 260, inayotaja vifungu ambavyo Bunge haliwezi kuvibadilisha mpaka wananchi wenyewe waulizwe kwa kura ya maoni. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba orodha hiyo fupi inaeleza mambo ambayo nchi yetu iliyaogopa, na pia jambo moja ambalo haikuliogopa vya kutosha.

Muundo wa jumla hautamshangaza mtu aliyewahi kusoma katiba ya Kenya au ya Tanzania. Kuna utangulizi, malengo ya taifa, kisha sura 19: ukuu wa katiba, uraia, haki za binadamu katika sura ya 4, Bunge katika ya 6, Serikali katika ya 7, Mahakama katika ya 8, na kadhalika. (Nimeisoma kwa Kiingereza, istilahi za hapa ni tafsiri yangu.) Utangulizi wenyewe unakiri kwamba historia yetu imejaa misukosuko ya kisiasa na ya kikatiba.

Msukosuko mkubwa ni ule wa 1966. Katiba ya uhuru ya 1962 iliipa Buganda madaraka ya shirikisho, na mwaka 1963 Kabaka Mutesa II akawa Rais wa nchi huku Milton Obote akiwa Waziri Mkuu. Februari 1966 Obote aliisimamisha katiba hiyo. Tarehe 15 Aprili wabunge walitakiwa kupitisha katiba mpya ambayo hawakuwa wameisoma; waliambiwa nakala zao watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Waliipitisha, na Obote akawa Rais mwenye mamlaka ya utendaji. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Mei, jeshi lilishambulia kasri la Kabaka huko Mengo. Katiba ya 1967 ikamalizia kazi kwa kufuta falme zote.

Sasa rudi kwenye ibara ya 260. Sura ya 16, inayohusu viongozi wa jadi, imefungwa humo yote nzima. Ibara ya 75, inayolikataza Bunge kuunda nchi ya chama kimoja, imo. Vyama vya upinzani vilikuwa vimepigwa marufuku Desemba 1969. Ibara ya 79(2) inasema chombo kingine hakitungi sheria isipokuwa kwa idhini ya Bunge, na sisi tunamkumbuka Idi Amin, aliyelivunja Bunge mwaka 1971 akatawala kwa amri. Ibara ya 44 inalinda haki ya kutoteswa, na ya 128(1) uhuru wa mahakama. Hiyo ya mwisho siwezi kuisoma bila kumfikiria Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyekamatwa ndani ya Mahakama Kuu mnamo Septemba 1972 asionekane tena.

Wajumbe wa Bunge la Katiba waliochaguliwa mwaka 1994 walijua walichokuwa wakikifungia mlango. Ila walikuwa wakitazama nyuma. Walikuwa wamemwona mtawala anayekuja na vifaru. Hawakumkinga vya kutosha yule anayekuja na theluthi mbili ya wabunge. Ukomo wa mihula miwili uliandikwa katika ibara ya 105(2), na ukomo wa miaka 75 kwa mgombea urais katika ibara ya 102(b). Vyote viwili havikuwekwa katika orodha.

Mwaka 2005 pengo hilo lilionekana wazi. Mwezi Julai wananchi walipiga kura ya maoni kuhusu kurudisha vyama vingi, kwa kuwa katiba iliwataka waulizwe. Mwaka huohuo Bunge likafuta ukomo wa mihula bila kuwauliza. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaupenda mwaka 2005, maana ndipo lugha yetu ilipoandikwa katika ibara ya 6 kuwa lugha rasmi ya pili. Ni vizuri tukumbuke yaliyofutwa wakati huo.

Mwaka 2017 ikaja zamu ya umri. Hapa Ntinda, kama kwingineko Kampala, neno lililovuma lilikuwa la Kiganda, Togikwatako, yaani usiiguse. Zaidi ya wabunge 300 waliigusa. Mahakama ya Katiba, iliyoketi Mbale Julai 2018, ilikataa wabunge kujiongezea muhula kutoka miaka mitano hadi saba, lakini kwa majaji wanne dhidi ya mmoja ikakubali ukomo wa umri uondoke. Mahakama ya Juu ilikubali pia mwaka 2019, kwa wanne dhidi ya watatu.

Wapo wanaosema kosa ni la wanasiasa tu, kwamba hata orodha ndefu ingepitwa. Sikubaliani nao kabisa. Ibara ya 105(1), inayosema muhula wa Rais ni miaka mitano, imo ndani ya ibara ya 260, na hadi leo ni miaka mitano. Idadi ya mihula iliandikwa mstari unaofuata, katika 105(2), na mstari huo ukaachwa nje.