Kutoka Kamalondo hadi mjini kwa miguu

Umbali kati ya Kamalondo na katikati ya mji wa Lubumbashi haukuja wenyewe. Ulipangwa.

Élisabethville ilianzishwa mwaka wa 1910, reli kutoka kusini ilipofika. Mwanzoni mtaa wa Waafrika ulikuwa karibu na ule wa Wazungu. Mwaka wa 1921 Wabelgiji walifungua Cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo, na katikati wakaacha ukanda mtupu wa mamia ya mita. Sababu waliyoitaja ni afya: eti mbu wa malaria asivuke. Lakini mbu hakuombwa kibali. Aliyeombwa ni mfanyakazi.

Mahakama, posta na ofisi za serikali zilibaki ng'ambo ile. Hata jumba la michezo ya kuigiza la 1956, lililokuja kuwa bunge la Katanga, lilijengwa hukohuko.

Leo familia zilizokimbia vita zinatembea njia ileile kutafuta karatasi: mama na mtoto mgongoni, mzee na fimbo yake. Mlangoni wanakuta mfereji ulio wazi, kisha ngazi. Wakati wa mvua ni shida zaidi.

Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee na walemavu haki ya ulinzi wa pekee, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ikakaza haki za walemavu. Uzee wa jengo si kisingizio. Kwa kipimo cha 1 kwa 12, kidato cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa mita 1.80 tu, na kifuniko imara juu ya mfereji, ili kigari cha magurudumu matatu kipite.