Ndago

Kwenye uwanja wa nyasi, kila kisichotakiwa tunakiita gugu, na jina hilo pana ndilo linalotuponza. Ndago ina jina lake na tiba yake. Viringisha shina la ua lake kati ya vidole: utahisi pembe tatu, wakati shina la nyasi kwa kawaida ni duara. Ukiing'oa kwa mkono, majani yanakuja lakini viazi vyake vidogo vyeusi vinabaki ardhini na kuchipua upya. Dawa ya magugu ya majani mapana haiiwezi. Chimba udongo ukiwa na unyevu, chambua viazi vyote, vianike juani vikauke kabisa. Usivitupe kwenye mboji. Ikichipua tena, chimba mapema, kabla haijazaa viazi vingine.