Mjumbe Asiyefika

Nusura vita vizuke Uarabuni katika karne ya 7 kwa sababu ya habari moja, na aliyeileta hakufika hata alikotumwa.

Wafasiri wengi wa Kurani wanasimulia hivi. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimtuma al-Walid bin Uqba akakusanye zaka kwa Banu Mustaliq, kabila lililokwisha kusilimu. Wenyeji kusikia mjumbe yuaja, wakatoka kumlaki. Al-Walid alipoona kundi lile, moyo ukamruka, maana palikuwa na uhasama wa zamani baina yao. Akageuza mnyama wake, mbio hadi Madina, akatoa ripoti: zaka wamekataa, eti na kumuua walitaka! Mji ukachemka. Kuja kuchunguza, kumbe watu wanasali zao na zaka i tayari. Ndipo ikashuka aya ya 6 ya Surat al-Hujurat: habari ikiletwa na mtu asiyeaminika, ichunguzeni kwanza, msije mkawadhuru watu kwa ujinga kisha mkajuta.

Hebu tulitazame jambo hili vizuri. Kundi la watu al-Walid aliliona kweli. Asichokiona ni nia yao, na hiyo ndiyo aliyoiripoti. Hofu yake aliifanya habari.

Baada ya Khalifa Uthman kuuawa mwaka 656, fitina ziliwafunza Waislamu kuuliza zaidi. Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 729, amepokewa akieleza kwamba hapo mwanzo watu hawakuuliza isnadi, lakini fitina ilipoingia wakadai watajiwe wasimulizi. Ikazaliwa elimu nzima ya wapokezi: huyu kazaliwa lini? Alikutana kweli na huyo anayedai kumsikia? Kumbukumbu yake ikoje? Imamu Bukhari (810–870) alizunguka miji mingi kwa kazi hiyo, na Sahihi yake ina hadithi 7,000 na ushei, zilizorudiwa zikihesabiwa.

Wengine husema dini imekataza umbea, kwa hiyo bora kunyamaza. La! Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, na al-Islah mwaka 1932. Humo aliwakosoa Waislamu wenzake waziwazi kwa bidaa na kwa kupuuza elimu. Hakunyamaza, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kusengenya na kukosoa ni mambo mawili mbalimbali.

Haya nayaandika kwa sababu nina deni. Mwaka niliomaliza kidato cha nne nilibeba habari kutoka baraza moja hadi jingine: fundi cherehani wa mtaani kwetu kala mchango wa msiba. Nilimwona kweli akipokea bahasha. Daftari sikuliona, wala sikumuuliza mtu. Wateja wakaanza kumpita. Baada ya wiki mbili tukajua bahasha aliipeleka jioni ileile kwa mweka hazina, wala haikupungua senti.

Nilikwenda kumtaka radhi. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, hata hakuinua uso.

"Mimi nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Lakini wale uliowaambia, utawapata wapi wote?"

Nilianza kuwatafuta siku ileile. Wengine walikwisha kuhama mtaa.