HISTORIA YA LANDROVA YA CHAMA NA INJINI YAKE YA PETROLI

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wenzetu wameandika habari za mazao, mikopo na ujenzi wa ghala. Sisi wa ofisi ya Kariakoo tumepewa kazi ya kuandika habari za gari, wala hatuoni haya, maana nanasi lisilofika sokoni ni mali ya nzi.

Mahali penyewe ilipo ofisi yetu panatukumbusha taabu ya uchukuzi. Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, waliweka hapa kambi ya kikosi chao cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na kwa ulimi wa wenyeji jina hilo likawa Kariakoo. Watu wale walibeba vyakula na risasi kichwani, na maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa. Basi kila tunapolalamika kwamba gari limeharibika, yafaa tuwakumbuke waliokuwa wao wenyewe ndio gari.

Gari la aina ya Land Rover lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, likiwa na injini ya sentimeta za ujazo 1,595. Mwaka 1958 ilitokea injini ya petroli ya sentimeta za ujazo 2,286, nayo ndiyo tuliyo nayo. Chama kilinunua gari hilo likiwa kuukuu, katika mwaka wake wa kwanza, kwa michango ya wanachama wa Kisarawe na Mkuranga.

Injini hiyo ina silinda nne katika safu moja. Kipenyo cha silinda ni milimeta 90.47, na mwendo wa pistoni ni milimeta 88.9. Nguvu yake ni ya farasi 77 ikizunguka mara 4,250 kwa dakika. Bloku na kichwa chake ni vya chuma cha kusubu, vizito lakini vyenye kustahimili. Mgandamizo wa yetu ni 7 kwa 1, kwa hiyo haichagui sana petroli. Krankishafti yake imekaa juu ya beringi kuu tatu. Ilipofika 1980 waundaji wakazifanya tano ili ipate nguvu zaidi.

Uzuri huo hauna maana kwamba haina maradhi. La kwanza ni joto. Mlima wa Pugu ukipandwa na mzigo mzito adhuhuri, rejeta iliyoziba kutu au mkanda wa feni uliolegea hujitangaza wenyewe. Baadhi ya mafundi huitoa thamostati na kuitupa, wakidhani wameiponya injini. Kumbe sasa huchelewa kupata moto wake wa kawaida, na silinda huliwa upesi. La pili ni oili, ambayo huvuja nyuma ya krankishafti na kulowesha klachi. Moshi wa buluu asubuhi huonyesha kwamba mipira ya valvu imechoka. La tatu ni distribyuta. Pointi zake hutakiwa kuachana milimeta 0.35 hadi 0.40, zikiungua, au unyevu wa masika ukiingia kifunikoni, gari hukohoa na kuzimika. Zaidi ya hayo ziko kondensa za bandia, ambazo hufa kabla risiti haijafifia.

Lakini ugonjwa uliotufundisha ni wa kabureta. Katika mwaka wa tatu wa Chama, gari lililokuwa likienda kilometa 6 kwa lita moja lilianza kwenda kilometa 4 tu. Katika Mkutano Mkuu wanachama waliuliza, kwa haki, petroli yao inakwenda wapi. Sisi, bila uchunguzi, tulimwandikia dereva wetu barua ya kumsimamisha kazi, tukimshuku kwamba anaiuza njiani. Yeye alijibu neno moja tu: “Bwana Katibu, petroli mimi sinywi.”

Tukaajiri dereva mwingine. Hesabu haikubadilika, ilizidi kuwa mbaya. Ndipo tulipolipeleka gari kwa fundi mmoja wa Gerezani. Alitoa plagi, akatuonyesha zilivyo nyeusi kwa masizi. Kisha akafungua kabureta, ambayo ni ya Zenith, akalaza sehemu yake ya juu juu ya kioo cha dirisha. Ilicheza kama meza yenye mguu mfupi. Ilikuwa imepinda kwa joto na kwa skrubu zilizokazwa kupita kiasi, na petroli ilikuwa ikipita mahali isipotakiwa. Fundi aliweka msasa juu ya kioo, akaisugua mpaka ikalala sawasawa, akabadilisha pete ndogo ya mpira. Gharama yote haikufikia bei ya tangi moja la petroli. Wiki iliyofuata tulirudi kwenye kilometa 6.

Tulipokifungua kitabu cha safari ndipo tulipoona aibu yetu. Mara tatu dereva yule alikuwa ameandika kwa mkono wake: gari linanuka petroli, linatoa moshi mweusi. Hakuna aliyesoma.

Tulikwenda nyumbani kwake pamoja na Mwenyekiti, tukamkuta akipalilia mihogo. Tulisema, “Mzee, tumekosa.” Halmashauri ilimlipa mishahara yote iliyozuiliwa, na barua ya kumsafisha jina ilisomwa mbele ya Mkutano Mkuu, palepale aliposhukiwa. Hata hivyo hakukubali kurudi siku ile. Alirudi baada ya msimu mmoja, nasi tulimshukuru.

Tangu hapo kitabu cha safari husomwa kila Jumamosi, na Katibu hutia sahihi chini ya kila ukurasa. Kilometa na lita hulinganishwa, na maneno ya dereva hujibiwa kwa maandishi. Pointi, plagi, mkanda na maji hukaguliwa kabla ya safari ya Kisarawe. Usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi tulikaribia kujenga ukuta kati ya ofisi na mtu mwaminifu.

Ndugu wanachama, injini kuukuu hutengenezeka kwa msasa na pete ya mpira. Jina la mtu halina spea Kariakoo. Miaka kumi ijayo na itukute tukisoma kabla ya kuhukumu. Udumu Ushirika wetu.