Tesla, Elon Musk na kobalti ya Kolwezi: mambo ya kufahamu

Katika vikundi vya WhatsApp vya parokia zetu jina la Elon Musk linapita kila mara. Wengine wanamsifu kama mwana wa Afrika aliyeishinda dunia. Wengine wanamweka pamoja na mnyama wa Ufunuo 13. Wachache tu wanazungumza juu ya motokari zake, na hizo ndizo zinazomwunganisha na udongo wa Lualaba. Tumekusanya hapa mambo yanayojulikana, ili anayehubiri au kufundisha vijana asiseme kwa kusikia tu.

Musk alizaliwa Pretoria, Afrika ya Kusini, mwaka 1971, akaondoka akiwa kijana kwenda Kanada, kisha Marekani. Watu wengi wanadhani yeye ndiye aliyeanzisha Tesla. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 2003 na mafundi wawili, Martin Eberhard na Marc Tarpenning. Musk aliingia mwaka 2004 na pesa zake, akawa mwenyekiti, na tangu 2008 ndiye mkurugenzi mkuu. Hata leo kampuni si mali yake peke yake: ana sehemu kubwa kuliko mwenye hisa mwingine yeyote, lakini nyingine ziko mikononi mwa watu na mifuko ya akiba ya wafanyakazi wa nchi mbalimbali. Ndiyo maana maneno yake yanazua vita. Akisema neno baya usiku, asubuhi akiba ya mwalimu mstaafu huko mbali inaweza kupungua.

Mfano unaojulikana sana ni wa Agosti 2018. Musk aliandika kwenye Twitter kwamba anafikiri kuiondoa Tesla kwenye soko la hisa kwa dola 420 kila hisa, na kwamba fedha zimekwisha kupatikana. Serikali ya Marekani, kupitia ofisi inayosimamia masoko ya hisa, ilimshtaki kwa kudanganya wawekezaji. Kesi ilimalizika kwa mapatano: yeye alilipa dola milioni 20, Tesla nayo milioni 20, naye akaacha kiti cha mwenyekiti. Wawekezaji walipompeleka mbele ya tribinali wenyewe, baraza la raia huko San Francisco lilimwachilia mwaka 2023. Tuseme mambo yote mawili. Anayetaja faini bila kutaja hukumu ya pili hasemi kweli yote.

Oktoba 2022 alinunua Twitter kwa dola bilioni 44, na mwaka uliofuata akaiita X. Novemba 2023 aliunga mkono ujumbe uliowasingizia Wayahudi chuki dhidi ya Wazungu; makampuni makubwa yakaondoa matangazo yao, naye akawatukana hadharani. Yeye anasema anatetea uhuru wa kusema. Mimi, kama mchungaji, nasoma Yakobo 3 na kuona kwamba ulimi wenye wafuasi milioni mia mbili unawasha moto mkubwa kuliko ulimi wangu, na hesabu yake ni kubwa pia.

Siasa ndiyo iliyoleta ghasia mbele ya maduka ya Tesla. Katika uchaguzi wa 2024 Musk alitoa zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Donald Trump na wenzake. Kuanzia Januari 2025 hadi mwisho wa Mei aliongoza kazi ya kupunguza matumizi ya serikali. Pia aliunga mkono chama cha mrengo wa kulia cha Ujerumani, AfD. Watu waliandamana Marekani na Ulaya. Wachache wakachoma motokari, jambo ambalo hakuna Mkristo anayeweza kulibariki, kwa kuwa mwenye motokari alikuwa jirani tu aliyeinunua. Tesla iliuza motokari kama milioni 1.81 mwaka 2023, milioni 1.79 mwaka 2024, na milioni 1.64 mwaka 2025, na kampuni ya China BYD ikaipita kwa motokari za umeme. Hasira ya watu ni sababu moja. Bei za Wachina na uhaba wa aina mpya ni sababu nyingine.

Kwetu jambo zito la miezi ile halikuwa motokari. Ni USAID. Februari 2025 Musk alijisifu hadharani kwamba shirika hilo limesagwa, na tarehe 1 Julai likafungwa rasmi. Uamuzi ulikuwa wa rais Trump na serikali yake, si wa Musk peke yake. Lakini kumbuka kalenda: mwisho wa Januari M23 iliingia Goma, katikati ya Februari Bukavu. Marekani ndiyo ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura Kongo. Tunaweza kujadili kama misaada ilitufanya wavivu, na mjadala huo ni halali, lakini mama aliyekimbia na watoto hakuwa na nafasi katika mjadala huo.

Juu ya mshahara wake tuseme kwa ufupi: Novemba 2025 wenye hisa walikubali mpango unaoweza kumpa hisa za thamani inayokaribia dola trilioni 1 katika miaka kumi, akifikia malengo yaliyowekwa. Juu ya Neuralink, kampuni yake inayoweka chombo katika ubongo wa wagonjwa waliopooza, wanaoiita 666 wasome tena Ufunuo: alama ile inahusu kuabudu na kununua, si matibabu ya mtu asiyeweza kuinua mkono.

Sasa Kolwezi. Zaidi ya sehemu mbili katika tatu za kobalti ya dunia zinatoka Kongo, nyingi kutoka Lualaba na Haut-Katanga. Desemba 2019 shirika la wanasheria la Marekani liliwashtaki Tesla, Apple, Dell, Microsoft na Alphabet, mama wa Google, kwa niaba ya familia za Kongo ambazo watoto wao walikufa au kuumia machimboni. Tribinali ya Washington ilitupa kesi mwaka 2021, na Machi 2024 ya rufaa ikathibitisha: kununua kobalti kupitia mlolongo wa wauzaji, walisema majaji, si kushirikiana na wale wanaowatumikisha watoto. Kwa sheria yao labda ni sawa. Kwa familia ile, mlolongo ni mrefu hivi kwamba hakuna mtu mwishoni mwake wa kujibu.

Tesla inajitetea kwamba inanunua kwenye migodi ya viwanda. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba imepatana na Glencore, mwenye sehemu kubwa ya KCC, Kolwezi. Lakini wakrezeri huingia hata ndani ya ardhi za makampuni; Juni 2019 udongo ulianguka katika eneo la KCC na zaidi ya 30 wakafa. Nao wengine huuza mifuko yao kwenye depo, na baada ya hapo hakuna anayejua jiwe la nani limekwenda wapi.

Tangu 2018 Musk anasema atatengeneza betri zisizo na kobalti. Katika sehemu ya kwanza ya 2022 karibu nusu ya motokari za Tesla zilikuwa na betri za chuma na fosfati, bila kobalti wala nikeli. Wanaotaka Tesla isusie mawe yetu wanashangilia. Sisi tuulize: mkrezeri wa Kasulo atakula nini? Serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti Februari 2025 ili kuinua bei, na Oktoba ikaweka viwango, tani 96,600 kwa mwaka 2026. Bei ilipanda. Bei ikipanda sana, mwenye kiwanda ana sababu nyingine ya kutafuta betri isiyo na jiwe letu, na mkrezeri ana sababu nyingine ya kushuka shimoni.