Kutoka kalanga mpaka Bel-Air: historia ya motere ya mazuti

Bandugu, tukiandika historia ya kulima mu Katanga, tunataja jembe, mbegu na mbolea. Motere tunaiachia mafundi. Miye nilisoma agronomia, na naona hivi: mtu asiyejua kwa nini mafundi wa Bel-Air wanatosha motere ya esansi mu kamionete na kutia ya mazuti, hajui vizuri namna muindi unafika ku soko.

Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifaulu na motere yake kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Haina buji: inakandamiza hewa mpaka inapata moto sana, kisha mafuta yanaingia na kuwaka yenyewe. Njo maana inafanya kazi kubwa kwa mafuta kidogo. Ku maonyesho ya Paris ya 1900, motere moja ya aina hiyo ilitembea na mafuta ya kalanga. Diesel mwenyewe aliandika baadaye kwamba serikali ya Ufaransa njo iliomba vile, ikifikiria makoloni yake ya Afrika, ambako kalanga inamea. Lakini mazuti ya kuchimba njo ilishinda, na kalanga ikabaki ya kula.

Motere ile ilikuwa nzito, ya meli na viwanda. Mwaka 1927 Bosch ikaanza kutengeneza kwa wingi pampu ndogo ya kusukuma mazuti. Mwaka 1936 ikatoka Mercedes-Benz 260 D, na 1959 Peugeot 403 ya mazuti. Kisha Toyota: Hilux ya kizazi cha 1978 ilikuja kupokea motere ya esansi ao motere L ya mazuti, mu chasisi ya aina moja. Hapo njo mafundi wetu walipata mlango: kile kiwanda kilishafanya, wao wanakirudilia na motere ya okazioni.

Lakini kazi haiishi ku kufunga bulo. Tangi inaoshwa esansi yote itoke, na kunawekwa bomba ya kurudisha mazuti ku tangi. Tena kuko freni. Motere ya esansi inavuta hewa kwa nguvu, na mvuto ule njo unasaidia mguu wa shofere. Ya mazuti haina mvuto ule. Inaomba pampu yake ya kuvuta hewa. Pampu isipowekwa, pedali inakuwa nguvu sawa jiwe, na nyuma kuko mifuko ya muindi na bamama wamekaa juu yake.

Hesabu nayo iko wazi. Mwenye kuzunguka mu mji tu atakawia kurudisha pesa ya motere. Mwenye kwenda Kasenga kila juma ataiona mapema.

Maarifa haya yote iko mu mikono ya mafundi, na shee wenye diplome tunapita mbele ya garaji bila kuandika hata mustari moja. Tuanze kuandika. Na siku unapakia mavuno mu kamionete iliyobadilishwa motere, usiulize kwanza inakunywa litre ngapi. Uliza freni inapata hewa yake wapi.