Maji ya Maloti Katika Mabomba ya Johannesburg

Jiji letu hili limejengwa mahali pasipo na mto wa maana. Mahali palichaguliwa na dhahabu ya mwaka 1886, maji hayakuulizwa. Basi maji tunayochemshia chai yanatoka wapi? Sehemu isiyo ndogo inatoka nchi nyingine, Lesotho.

Ukisimama upande wa KwaZulu-Natal unaona ukuta. Wazulu wanauita uKhahlamba, Makaburu wanauita Drakensberg, yaani milima ya joka. Mpaka wa nchi mbili unapita juu ya ukingo huo, na nyuma yake ndiko iliko Maloti ya Wasotho. Kilele kirefu, Thabana Ntlenyana, kina mita 3,482, na jina lake maana yake ni kilima kidogo kizuri. (Sisi tuliokulia chini ya Kilimanjaro hatuna ubishi na neno kidogo.) Mawingu ya Bahari ya Hindi yanagonga ukuta na kumwaga mvua, lakini mto Senqu unaozaliwa huko unaupa mgongo ukuta huo na kwenda magharibi hadi Atlantiki.

Wasotho hawakupenda kubaki na mawe matupu. Mfalme Moshoeshoe, aliyehamia ngome ya Thaba Bosiu mwaka 1824, alipigana na Makaburu wa Orange Free State hadi akaomba hifadhi ya Waingereza mwaka 1868. Mwaka uliofuata mkataba wa Aliwal North ukachora mpaka: mashamba mazuri ng'ambo ya mto Mohokare yakabaki kwa Makaburu. Wasotho wakaachiwa milima.

Na milima hiyo ndiyo Johannesburg ilikuja kuihitaji. Januari 1986 Afrika Kusini ya ubaguzi iliifungia Lesotho mipaka, serikali ya Leabua Jonathan ikapinduliwa na jeshi, na Oktoba mwaka huohuo mkataba wa maji ukatiwa saini. Kila mtu na ahesabu miezi mwenyewe.

Kwa macho ya mhandisi kazi ile ni ya kuvua kofia. Bwawa la Katse lina kimo cha mita 185. Maji yanapita katika mahandaki ya kilomita 82 yaliyotobolewa chini ya milima, yanazungusha mitambo ya umeme pale Muela, kisha yanatokea mto Ash na kuteremka hadi bwawa la Vaal. Yote hayo bila pampu, kwa mteremko tu. Yalianza kufika mwaka 1998. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Afrika Kusini yaliingia Lesotho, na moja ya sehemu walizokimbilia kuzilinda ilikuwa Katse, ambako watu waliuawa.

Lesotho inalipwa, hilo tuseme kwa haki. Mkataba unaipa asilimia 56 ya faida iliyopatikana kwa kuchagua njia hii. Lakini waliohamishwa mabondeni walipoteza mashamba na malisho, na malalamiko ya fidia hayajaisha. Sasa linajengwa bwawa jingine, Polihali, wilaya ya Mokhotlong, litakalounganishwa na Katse kwa handaki la kilomita 38. Huko nako kuna makaburi ya kuhamishwa.